SOMO LA MWEZI: Jirani Mwislamu na Sikukuu Yetu



Mafungu ya kusoma kabla ya kuendelea: Warumi 14:1-12 na 1 Wakorintho 10:23-33.

Kila Desemba inapokaribia, swali moja hurudi katika jumuiya zetu, na mara nyingi huletwa na akina mama, kwa sababu wao ndio wanaopanga foleni pamoja na majirani kwenye bomba la maji. Wanauliza: mbona sisi siku ya Idd tunawapa mkono na kuwaambia Idd Mubarak, lakini Krismasi wao wananyamaza? Wanatuchukia? Wengine wanauliza kwa uchungu, maana walipika wakapeleka sahani, na sahani ikarudi na chakula chake.

Tumtazame kwanza jirani mwenyewe. Tunaposema "Waislamu" tunawachanganya watu wengi ambao hawakulelewa mahali pamoja. Chukua Mbajuni mzaliwa wa Chovai. Ni mtu ambaye tunasikilizana naye, kwa sababu Kibajuni chake ni Kiswahili, ingawa wa kwetu kutoka Kongo hucheka kidogo wakikisikia, na yeye hucheka cha kwetu. Chovai ni kisiwa kidogo cha wavuvi, kusini mwa Kismayo, katika mlolongo mmoja na Koyama na Chula. Vita vya Somalia vilipowafikia mwaka 1991 na 1992, Wabajuni wengi walikimbia kwa mashua hadi Lamu na Mombasa, na katika miaka hiyo ya 1990 palikuwa na kambi yao huko Jomvu, karibu na Mombasa. Ni wakimbizi kama sisi, na wengi wao wametangulia kuionja shida hii kabla yetu.

Huko kisiwani watu ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii tangu mababu. Mwaka wao una Ramadhani, una Idd mbili, na kwa wengi una Maulidi, yaani kukumbuka kuzaliwa kwa Mtume wao. Krismasi haikuwamo. Aliyevuka kwenda Kismayo aliweza kuliona kanisa la Katoliki kwa mbali, lakini kulijua jengo si kuijua sikukuu. Kwa hiyo mzee wa Chovai anayenyamaza tarehe 25 Desemba, huenda hanyamazi kwa chuki. Hakufundishwa la kusema, na pengine alifundishwa asiseme.

Alifundishwa nini? Hapa tuwe waangalifu, tusiwasingizie. Wanazuoni wao wanasimulia, katika hadithi iliyopokelewa na Abu Daud, kwamba Mtume Muhammad alipofika Madina alikuta watu wana siku mbili za michezo, akawaambia kwamba Mungu amewapa siku mbili bora kuliko hizo, ndizo Idd-ul-Fitri na Idd-ul-Hajj. Kutokana na hapo walimu wengi husema: Mwislamu sikukuu zake ni mbili, zinamtosha. Ipo na hadithi nyingine kwamba anayejifananisha na watu fulani anahesabiwa kuwa miongoni mwao. Mwanachuoni Ibn Taymiyya wa Dameski, aliyefariki mwaka 1328, aliandika kitabu kizima kuonya juu ya kuiga sikukuu za Wayahudi na Wakristo. Mtu haandiki kitabu kizima kukataza jambo ambalo halifanyiki; bila shaka Waislamu wa wakati wake walikuwa wakishiriki sikukuu za jirani zao, ndiyo maana akaona haja ya kuwakemea.

Kuna sababu nyingine iliyo nzito kwao kuliko hizo. Kurani inamtaja Isa kwa heshima, na sura ya 19, iitwayo Maryam, inasimulia kuzaliwa kwake na bikira. Lakini Mwislamu hakubali kwamba yeye ni Mwana wa Mungu. Sasa sisi Krismasi tunaimba nini? Tunaimba hilo hasa. Basi baadhi ya walimu wao, kama Sheikh Ibn Uthaymin wa Saudia aliyefariki mwaka 2001, walifundisha kwamba kumpongeza Mkristo kwa siku hiyo ni sawa na kuikubali imani yake. Tusikimbilie kukasirika. Mtu huyu angalau ameielewa Krismasi ni nini, kuliko wale wanaodhani ni siku ya nguo mpya na soda.

Wengine wao hawakubaliani naye. Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti, lililoundwa mwaka 1997 chini ya Sheikh Yusuf al-Qaradawi, liliruhusu Waislamu kuwapongeza jirani zao Wakristo, maadamu hawashiriki ibada yenyewe. Wanaoruhusu hutegemea Kurani 60:8, inayosema juu ya kuwatendea wema na haki wale wasiowapiga vita kwa ajili ya dini wala kuwatoa majumbani mwao. Huko Misri, Imamu Mkuu wa Al-Azhar, Sheikh Ahmed al-Tayeb, alihudhuria mwenyewe ufunguzi wa kanisa kuu jipya la Wakopti tarehe 6 Januari 2019, mkesha wa Krismasi yao. (Ndugu zetu wa Ethiopia na Eritrea nao husherehekea tarehe 7 Januari, tusiwasahau.)

Kwa hiyo akikuambia mtu kwamba "Uislamu unasema hivi" kuhusu sikukuu zetu, mwulize kwa upole: mwalimu gani? Hata juu ya sikukuu zao wenyewe hawasemi neno moja. Wapo wanaosoma Maulidi kwa dufu na ubani, na wapo wanaosema Maulidi ni bidaa, yaani jambo lililozushwa. Kismayo iliona jambo hilo kwa macho. Al-Shabaab walipoushika mji huo kuanzia Agosti 2008, kabla mwaka haujaisha kanisa la Katoliki lilibomolewa, na makaburi ya masheikh ambayo Waislamu wa huko walikuwa wakiyazuru yakabomolewa pia. Waliobomoa kanisa ndio waliobomoa makaburi, na walikaa pale mpaka walipotolewa mwaka 2012. Mbajuni aliyepoteza ziara yake na Mkristo aliyepoteza kanisa lake wana jambo la kuzungumza.

Naomba sasa tuikumbuke wiki moja ya Desemba 2015, maana inatusaidia kuliko maelezo mengi. Mwaka ule Maulidi iliangukia karibu tarehe 24 Desemba, ikafuatana na Krismasi. Tarehe 22 Desemba wizara ya mambo ya dini ya Somalia ilitangaza kwamba ni marufuku kusherehekea Krismasi na mwaka mpya nchini humo, hotelini na mahali pa watu wote. Wageni wasio Waislamu waliachiwa wafanye yao majumbani kwao. Serikali ilitaja dini, na ilitaja usalama pia. Mwaka uliotangulia, siku yenyewe ya Krismasi, Al-Shabaab walikuwa wameishambulia kambi ya majeshi ya Umoja wa Afrika mjini Mogadishu. Wengi wetu tukisikia habari ya marufuku kama hiyo tunasema, mnaona? Ndivyo walivyo.

Lakini siku moja kabla ya tangazo hilo, tarehe 21, basi lililotoka Nairobi kwenda Mandera lilisimamishwa kwa risasi karibu na El Wak, ndani ya Kenya. Wenye bunduki walitaka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria walijua maana yake, kwa sababu Novemba 2014 katika njia za Mandera watu 28 walitengwa hivyo hivyo wakauawa. Safari hii Waislamu walikataa. Wanawake walikuwa wamewapa Wakristo mitandio wajifunike, na abiria wakawaambia wauaji kwamba wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi siku hiyo, akafariki Januari 2016.

Sasa fikiri. Katika basi lile walikuwamo Waislamu ambao huenda hawajawahi kutamka "Krismasi njema" maishani mwao, na ambao kesho yake wangeweza kukubaliana kabisa na tangazo la Mogadishu. Hatujui, wala haidhuru. Neno la pongezi na upendo wa jirani ni vitu viwili. Mtu anaweza kukunyima la kwanza kwa sababu ya dhamiri yake, na bado akakufunika kwa mtandio wake.

Tukirudi kwenye Biblia, tunakuta swali hili ni letu pia. Wakristo wa Korintho walimwuliza Paulo kuhusu nyama na karamu za jirani wasioamini. Aliwaambia waende wakialikwa, wale bila kuulizauliza. Lakini mtu akiwaambia kwamba nyama hiyo imetolewa sadaka, waiache, kwa ajili ya dhamiri. Na kwa Warumi aliandika juu ya mwenye kuheshimu siku fulani na mwenye kuona siku zote ni sawa, akakataza mmoja kumhukumu mwenzake. Hata Krismasi yenyewe Wakristo wamegombania. Katika koloni la Massachusetts huko Marekani, kuanzia mwaka 1659 hadi 1681, ilikuwa sheria kwamba anayeadhimisha Krismasi alipe faini ya shilingi tano, na waliotunga sheria ile walikuwa Wakristo wenye bidii sana ya Biblia. Humu humu makazini wapo jamaa wa madhehebu mengine ambao hawaigusi. Hatusemi kwamba wanatuchukia.

Sasa mambo ya nyumbani. Kuhusu chakula, Kurani 5:5 inawaruhusu Waislamu chakula cha Watu wa Kitabu, lakini wengi wanataka nyama iliyochinjwa na Mwislamu. Ukitaka jirani ale kwako, mwombe achinje yeye huyo mbuzi au kuku. Ni desturi ya siku nyingi Afrika Mashariki, wala haikupunguzii imani. Pale watu walipoligeuza jambo la kuchinja kuwa ugomvi, kama huko Buseresere mkoani Geita, Tanzania, Februari 2013, mchungaji aliuawa. Tena sufuria iliyopikiwa nguruwe usimpelekee jirani, hata ukiiosha mara ngapi. Keki na biskuti hupokelewa kwa urahisi zaidi, na sahani ikipelekwa siku ya tarehe 27 wakati mwingine hupokelewa vizuri kuliko ya tarehe 25, kwa kuwa hapo ni chakula tu, si sikukuu. Mimi naona hiyo ni hekima, si woga.

Mwaka 2022, 2023 na 2024 Pasaka yetu iliangukia ndani ya Ramadhani, miaka mitatu mfululizo. Itatokea tena, maana mwaka wao ni mfupi kuliko wetu kwa siku kama 11. Ikitokea, ngoma na vyakula vya mchana visiwe mlangoni mwa mtu aliyefunga.

Jambo moja ni zito, nalo naomba wazazi wawaeleze watoto. Mwislamu akija kwako siku ya Krismasi, usimpige picha, wala usitangaze kanisani kwamba fulani alikuja. Kwa watu wa Somalia, Mwislamu akidhaniwa ameingia Ukristo anaweza kutengwa na jamaa, na wapo waliouawa. Yeye amekuja kunywa chai. Ukimfanya ushuhuda wa Jumapili umemtia katika hatari ambayo wewe hutailipa. Na hata kama moyoni unatamani amjue Bwana, chai siyo mtego.

Je, sisi tule pilau ya Idd? Kwa maoni yangu, ndiyo, na tushukuru, na tuseme Idd Mubarak. Nyama ya Idd-ul-Hajj huwasumbua baadhi yetu kwa sababu ni ya kuchinja kwa ibada. Ambaye dhamiri yake inamkataza, aiache kimya kimya bila kumwaibisha aliyeileta; ndivyo jirani yake pia anavyofanya kwa sahani yetu. Kusali sala ya Idd pamoja nao kwa kutaka kupendeza, hapana, wala tusiwaombe wao wasimame kwenye nyimbo zetu.

Kwa mazungumzo ya jumuiya wiki hii: Katika mtaa wetu, ni jirani gani aliwahi kurudisha sahani, na tulijibu nini? Tukisoma 1 Wakorintho 10:27-29, ni nani kati yetu anayefanana na yule mwenye dhamiri, ni sisi au ni yeye? Na mwaka huu, tukitaka kuchinja kwa ajili ya mtaa mzima, nani atakwenda kumwomba mzee achinje, na mapema kiasi gani?