Shahada ni ya chuo, leseni ni ya jimbo

Mfanyabiashara mzoefu hanunui shehena kabla ya kuuliza itauzwa wapi. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo, ambaye hubishana asubuhi nzima juu ya bei ya gunia la mchele, huweza kutoa maelfu ya dola kumlipia mwanawe karo ya chuo kikuu nchini Marekani bila kuuliza swali hilo. Shahada nayo ina gharama, ina soko, na soko lake lina mipaka.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba Marekani ni soko moja. Kwa upande wa fedha ni kweli, kwani dola ya Texas ndiyo dola ya New York. Kwa upande wa taaluma sivyo. Nchi hiyo ina majimbo 50, na kila jimbo lina vyombo vyake vya kusimamia wahasibu, mawakili, wahandisi, wauguzi na walimu. Chuo hutoa shahada, lakini ruhusa ya kufanya kazi hutolewa na jimbo.

Kesi ya mwaka 1889

Mamlaka hayo ya majimbo yalithibitishwa zamani. Jimbo la West Virginia lilitunga sheria ya kumtaka kila tabibu awe na shahada ya chuo chenye sifa, au awe ametibu katika jimbo hilo kwa miaka 10, au afaulu mtihani. Tabibu mmoja, Frank Dent, alikuwa na cheti cha chuo cha Cincinnati, katika jimbo la jirani la Ohio. Bodi ya West Virginia ilikikataa chuo hicho. Dent aliendelea kutibu, akashtakiwa na kutozwa faini ya dola 50. Alikata rufaa hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1889 iliamua kwamba jimbo lina haki ya kuweka masharti ya namna hiyo kwa ajili ya kulinda wananchi.

Somo la kesi hiyo halijazeeka. Dent hakuwa na cheti cha kughushi. Alikuwa na cheti halali ambacho hakikukubaliwa mahali alipotaka kukitumia.

Hesabu ya mhasibu

Uhasibu unaonyesha jambo hili kwa tarakimu. Jimbo la New York lilikuwa la kwanza kutunga sheria ya wahasibu wa CPA, mwaka 1896. Leo mtihani wa CPA ni mmoja kwa nchi nzima, na hapo ndipo wengi hukosea. Mtihani ni mmoja, lakini masharti ya kuufanya na ya kupata leseni huwekwa na kila jimbo.

Shahada ya kwanza ya Marekani kwa kawaida huwa na krediti 120. Florida ilianza kudai krediti 150 mwaka 1983, na majimbo mengine yakafuata hatua kwa hatua. Yapo majimbo yanayomruhusu mwenye krediti 120 kufanya mtihani, lakini humzuilia leseni hadi afikishe 150. Kwa maneno mengine, mtu huweza kufaulu mtihani na bado akakosa leseni.

Chukua mfano wa kufikirika. Ikiwa krediti moja inauzwa dola 400, krediti 30 za nyongeza zitagharimu dola 12,000. Ongeza mshahara ambao mhitimu hakuupata katika mwaka huo wa ziada. Gharama hiyo haionekani kwenye barua ya kukubaliwa chuoni.

Tangu mwaka 2025 hali imeanza kubadilika. Ohio ni miongoni mwa majimbo yaliyopitisha sheria inayofungua njia nyingine, yaani shahada ya kwanza, miaka miwili ya uzoefu kazini, na kufaulu mtihani. Njia hiyo humwezesha kijana kupata mshahara badala ya kulipa karo. Hata hivyo, anayeifuata ana swali moja zaidi la kuuliza, nalo ni iwapo jimbo atakalohamia baadaye linaikubali.

Mawakili na wauguzi

Kwa mawakili, tofauti ni kubwa zaidi. Jimboni Wisconsin, wahitimu wa vyuo viwili vya sheria vya huko, University of Wisconsin na Marquette, huweza kupokelewa kuwa mawakili wa jimbo hilo bila kufanya mtihani wa uwakili. Wakivuka mpaka, shahada ile ile haiwapi nafuu hiyo. California nayo huruhusu mtu kujifunza sheria chini ya wakili au jaji bila kupitia chuo cha sheria, ilimradi atimize masharti na kufaulu mitihani. Aidha, kuna vyuo vya California ambavyo wahitimu wake hukubaliwa kufanya mtihani wa jimbo hilo, lakini hukataliwa katika majimbo mengi mengine kwa sababu vyuo hivyo havina ithibati ya Chama cha Wanasheria cha Marekani, ABA. Karo ya vyuo hivyo huweza kuwa ndogo. Ni nafuu kwa atakayebaki California, na ni hasara kwa atakayehama.

Kwa wauguzi, mtihani wa leseni pia ni wa nchi nzima, na stashahada huweza kutosha kuufanya. Lakini kwa sheria ya mwaka 2017, New York huwataka wauguzi wapya waliosajiliwa wapate shahada ya kwanza ndani ya miaka 10. Kwa upande mwingine, zaidi ya majimbo 40 yamejiunga katika mkataba unaomwezesha muuguzi mkazi wa jimbo mwanachama kutumia leseni moja katika majimbo yote ya mkataba. California haimo.

Mwenye shahada ya nyumbani

Jambo hili linamhusu pia mhitimu wa biashara wa Dar es Salaam anayefikiria kutafuta CPA ya Marekani. Masomo yake hupimwa kwanza na taasisi inayokubaliwa na bodi ya jimbo husika, na shahada ya miaka mitatu huweza kuhesabiwa kuwa pungufu. Jibu la bodi moja haliifungi bodi nyingine.

Msingi wa jambo lenyewe si mgeni hapa. Tanzania Bara, mwenye shahada ya sheria hupita kwanza mafunzo ya uanasheria kwa vitendo kabla ya kuapishwa kuwa wakili, na mwenye shahada ya uhasibu haitwi CPA hadi atimize masharti ya bodi ya NBAA. Tofauti ni kwamba huko Marekani milango ni mingi, na kila mmoja una kufuli lake.

Maswali kabla ya kulipa

Tangu Julai 2020, kanuni za Serikali ya Shirikisho zinavitaka vyuo vinavyopokea fedha zake za misaada ya wanafunzi vieleze ni katika majimbo gani kozi zao za kitaaluma zinatimiza masharti ya leseni, na katika yapi hazitimizi. Kwa hiyo taarifa hizo si siri, na mzazi ana haki ya kuzidai kwa maandishi.

Maswali ya msingi ni manne. Kijana anakusudia kufanya kazi jimbo gani? Je, chuo kina ithibati inayotambuliwa na bodi ya jimbo hilo? Bodi inadai krediti ngapi, mtihani gani, na uzoefu wa muda gani? Na akihama, leseni yake itapokelewa au ataanza upya?

La kwanza hujibiwa na familia. Yaliyobaki yaulizwe kwa bodi ya jimbo yenyewe, si kwa wakala anayelipwa na chuo kwa kila mwanafunzi anayempeleka. Kuuliza hakuzidi gharama ya barua au simu, na wakati wa kuuliza ni kabla ya karo kutumwa benki.