Kompyuta na Kipimo cha Tenki la Maji: Sifuri Ina Maana Gani?



Mito ya Uluguru hulisha Mto Ruvu, unaowanywesha watu wa Dar es Salaam, na Ngerengere unaojaza Bwawa la Mindu la Morogoro mjini. Lakini sisi wa milimani tunategemea matenki, na safari hii tunapenda kuwashirikisha jambo lililotutia aibu.

Katika usharika mmoja tulifunga kipimo cha kina cha maji na kukiunganisha na kompyuta ofisini. Asubuhi moja kompyuta ilionyesha sifuri. Kamati ikafunga mabomba siku mbili, akina mama wakarudi mtoni na ndoo. Kijana alipopanda hadi kwenye tenki alikuta maji yanamwagika juu. Panya walikuwa wamekata waya.

Kipimo cha aina hiyo huzamishwa chini ya tenki, nacho huhisi uzito wa maji yaliyo juu yake. Kisha hupeleka habari kwa mkondo wa umeme kati ya miliampea 4 na 20. Tuseme tenki lina kina cha mita 4, na kipimo kimepangwa hivyo: 4 ni tupu, 20 limejaa, 12 ni mita 2. Waliobuni hawakuanzia sifuri, nao walikuwa na sababu. Tenki tupu bado linatoa 4. Mkondo ukiwa sifuri, hakuna habari kabisa, waya umekatika au umeme haupo. Programu yetu ilikuwa imepangwa isionyeshe namba iliyo chini ya sifuri, ikaonyesha "tenki tupu". Kosa lilikuwa letu, hatukuuliza. Sasa mkondo ukishuka chini ya 3.6 kompyuta huandika "hitilafu".

Kompyuta yenyewe haisomi mkondo. Kati yake na kipimo huwekwa kifaa cha kugeuza. Ndani yake mkondo hupita kwenye kizuizi cha omu 250 na kuwa volti 1 hadi 5, kisha namba huingia kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Kipimo hupata nguvu, mara nyingi volti 24, kupitia nyaya hizo hizo mbili. Fundi asithubutu kuziingiza moja kwa moja kwenye kompyuta, ataiunguza.

Jambo jingine ambalo mafundi wengi hulisahau: ndani ya kebo mna kijibomba chembamba cha hewa. Kikizibwa kwa gundi au kikiingia unyevu, kipimo husema uongo hali ya hewa inapobadilika.

Wahisani wameuliza kwa nini bajeti ina kinga ya radi. Anayejua Uluguru wakati wa masika hatauliza mara mbili. Waya mrefu wa mlimani hukaribisha radi hadi mezani kwa mhasibu.

Kamati pia iweke ufito wenye alama kwenye tenki, na kila Jumatatu mtu apande, asome, aandike daftarini kando ya namba ya kompyuta.