Hakimiliki Darasani: Maswali na Majibu ya Marudio kwa Walimu Tarajali

Swali la 1. Hakimiliki ni nini, na inalindwa na sheria gani Tanzania Bara? (alama 3)
Ni haki ya mtunzi juu ya kazi yake: kitabu, ramani, picha, wimbo au programu ya kompyuta. Inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, inayosimamiwa na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA). Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003. Kazi hulindwa tangu inapotungwa. Usajili ni ushahidi tu wa umiliki.

Swali la 2. Ulinzi hudumu muda gani? Tumia mfano wa mwandishi wa Ukerewe. (alama 5)
Hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Aniceti Kitereza alikamilisha riwaya yake ya *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka* kwa Kikerewe mwaka 1945. Aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Kwa hiyo ulinzi wake unafika mwisho wa 2031. Wafasiri walioitafsiri kwa lugha nyingine wana haki zao juu ya tafsiri hizo.

Swali la 3. Mwalimu anaruhusiwa nini bila kuomba idhini? (alama 4)
Kifungu cha 12 cha Sheria ya 1999 kinaruhusu kunukuu, na kutumia kazi kama kielelezo cha kufundishia. Masharti ni matatu: kiasi kilingane na lengo la somo, matumizi yawe ya haki, na chanzo na jina la mtunzi vitajwe. Aya mbili za Kitereza kwenye karatasi ya zoezi la ufahamu, jina lake likiwa chini, zinakubalika.

Swali la 4. Mwalimu wa Nyamagana, Mwanza, anapeleka kitabu kizima steshenari, anatoa kopi 80 na kuwauzia wanafunzi. Jadili. (alama 4)
Amevunja sheria. Kopi hizo zinachukua nafasi ya kitabu sokoni na kumnyima mtunzi ujira. Kutaja jina la mtunzi hakumwokoi. Hapa ndipo watahiniwa wengi hupoteza alama. Mwenye steshenari naye anaweza kuwajibika.

Swali la 5. Vitabu vya maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania husomwa bure. Je, havina mwenyewe? (alama 2)
Vina mwenyewe. Ruhusa ya kusoma bure si ruhusa ya kuchapa na kuuza.

Swali la 6. Je, darasa linaweza kujifunza ngoma ya bugobogobo ya Wasukuma? (alama 3)
Ndiyo. Sheria inalinda sanaa za jadi, lakini imeacha mlango wazi kwa elimu. Tenganisha ngoma yenyewe na rekodi yake: wachezaji na mrekodi wana hakishiriki juu ya rekodi hiyo.

Swali la 7. Shule haina vitabu vya kutosha. Ifanye nini? (alama 4)
Iazime vitabu kutoka maktaba ya mkoa. Mwalimu aandike muhtasari kwa maneno yake. Au amwandikie mchapishaji kuomba idhini, akitaja kitabu, kurasa, idadi ya nakala na darasa. Kuomba idhini ni kumheshimu mwandishi: Kitereza alisubiri miaka 35 kitabu chake kichapishwe. Tunaofundisha watoto wa Ziwa Victoria tunadaiwa na waandishi wajao: hawataandika kama tunawazoesha wanafunzi kwamba kazi ya kalamu haina malipo.