Dondoo muhimu: Kuaga shule baada ya misheni fupi

Kwa vijana wa makanisa wanaomaliza misheni ya siku chache katika shule za Meru na Embu nchini Kenya, iwe Maua, Timau, Runyenjes au Siakago.

1. Taja siku ya kuondoka tangu siku ya kwanza. Kutoweka alfajiri huku watoto wa bweni wamelala huwaumiza, hasa waliofiwa na wazazi.
2. Muage mwalimu mkuu kwanza, kisha walimu, bawabu na wapishi. Wapishi husahauliwa mno, ilhali ndio walioamka gizani kuwasha moto wa uji wenu.
3. Usiahidi karo, wala kurudi, kama hujapanga. Mtoto atakungoja kweli.
4. Zawadi zipitie ofisini na ziwe za wote: mpira, vitabu, kalamu. Noti ya siri kwa mtoto mmoja huzua wivu na maswali.
5. Ukipewa mkungu wa ndizi au kuku, pokea kwa mikono miwili.
6. Usimpe mwanafunzi namba yako. Mwachie mwalimu namba ya kanisa.
7. Picha za watoto zisisambazwe bila idhini ya mzazi au mlezi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai hivyo.
8. Mmoja aseme, mmoja aombe, basi.
9. Aprili na Novemba ondokeni asubuhi. Mvua ikinyesha, barabara za udongo mwekundu huteleza vibaya.
10. Waliookoka wakabidhini kwa mlezi wa Umoja wa Wakristo wa shule kabla gari halijawashwa.