Kusoma Kabla Maji Hayajafika Shingoni

Napanga maandalizi ya dharura kisiwani Mombasa, na wenzangu wa hospitali, bandari na kaunti huniuliza wasome nini kuhusu dunia inayobadilika. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Anza na kisiwa chenyewe. Maji yetu hutoka chemchemi za Mzima, takriban kilomita 220 kutoka hapa, na visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki. Mboga nyingi hupitia soko la Kongowea, ng'ambo ya daraja la Nyali. Ukishalijua hilo, soma kitabu cha C. R. Boxer na Carlos de Azevedo juu ya Fort Jesus, kilichochapishwa 1960. Waomani waliizingira ngome hiyo kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, na waliokuwa ndani walimalizwa zaidi na maradhi na njaa kuliko mizinga. Mpangaji wa dharura atajikuta anahesabu mitungi ya maji na magunia ya nafaka kila ukurasa.

2. Mwenye nafasi ya kitabu kimoja tu, nampa Poverty and Famines cha Amartya Sen, cha 1981. Sen aliichunguza njaa ya Bengal ya 1943 akaonyesha kuwa watu waweza kufa njaa na chakula kipo, kwa kuwa njia yao ya kukipata imekatika: kibarua kimekwisha, bei imepaa. Mei 2020 niliyaona hayo kwa macho yangu. Serikali ilizuia watu kuingia na kutoka Mji wa Kale kwa sababu ya korona, nasi tumo ndani ya Ramadhani. Unga ulikuwepo madukani. Lakini aliyezoea kwenda Kongowea kubeba mizigo, na mama aliyeuza mahamri na mbaazi asubuhi, walikuwa hawana hata shilingi ya kuununulia. Majirani wakagawana walichonacho, na wengine wakaona haya kuomba. Tangu hapo, nikiletewa mpango wowote, nauliza kwanza: ni nani atakayekosa pesa ifikapo siku ya tatu, na atajulikanaje?

3. Ripoti za jopo la wanasayansi la Umoja wa Mataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi ni nene mno. Katika ile ya 2022 juu ya athari, chukua sura ya Afrika na ya visiwa vidogo. Zinatosha kuanzia.

4. Usisome peke yako. Tarehe 26 Desemba 2004, tsunami ilichukua saa nyingi kuvuka Bahari ya Hindi, na habari ikatangulia. Watu wakaondolewa kwenye fukwe za Mombasa. Kenya ilipoteza mtu mmoja, Somalia takriban 300. Habari huokoa pale tu inapomfikia mtu, kwa hiyo miongozo ya tahadhari twaisoma kikundi, kwa sauti, pamoja na wavuvi wa Mji wa Kale. Tulipofika kwenye sehemu ya tahadhari kwa ujumbe wa simu, mzee mmoja akatukatiza: "Wanangu, sisi baharini simu twazizima tusimalize chaji, twaziwasha tukikaribia nchi kavu." Ukurasa ule wa mawasiliano tukauandika upya jioni ile ile, naye akitutajia mahali ambapo bendera ya tahadhari itaonekana kutoka majini.