Mkono unavyotambua umbo la kitu

Umbo la kitu hutambuliwa na mkono unaosogea. Sarafu ikilazwa juu ya kiganja kilichotulia, mtu aliyefumba macho atajua kwamba ni ya baridi, ni nyepesi na ni ngumu, lakini atasita akiulizwa kama ni ya shilingi 50 au ya 100. Akiachwa aizungushe kati ya kidole gumba na cha shahada, jibu huja papo hapo, kwa kuwa ya 50 ina pande saba zenye pembe na ya 100 ni duara. Msomaji wa Mwanga mjini ameuliza kwa nini shangazi yake, anayeishi na kisukari kwa miaka mingi, siku hizi anazichanganya sarafu ndani ya pochi ilhali akiguswa mkono anahisi. Kuguswa na kupapasa ni mambo mawili, na jibu la swali lake limo humo.

Mwaka 1962 mwanasaikolojia wa Marekani James Gibson alichapisha majaribio aliyofanya kwa vikato vya biskuti vya maumbo mbalimbali. Vilipobonyezwa kwenye kiganja kilichotulia, watu ambao hawakuviona walipatia umbo mara 49 hivi kati ya 100. Walipovipapasa wenyewe kwa ncha za vidole, walipatia mara 95. Mwaka 1985 Roberta Klatzky na Susan Lederman waliwapa watu waliofungwa macho vitu 100 vya kawaida vya nyumbani, na karibu vyote vilitajwa bila kosa, vingi ndani ya sekunde tano. Miaka miwili baadaye watafiti hao walionyesha kwamba mikono haipapasi ovyo. Anayetaka kujua kama kitu kina mikwaruzo hukisugua, anayetaka kujua ugumu hukibonyeza, anayetaka uzito hukiinua. Umbo lina miondoko yake miwili: kukifumbata kitu chote kwa kiganja, kisha kufuata kingo zake kwa kidole.

Hakuna anayefundishwa hayo darasani. Anayechambua maharage ya makande umeme ukiwa umekatika huzitoa punje za mawe bila kuziona. Mnunuzi wa tangawizi huko Mamba Miamba, wilayani Same, hubonyeza na kuzungusha tunguu kabla ya kutaja bei. Mfinyanzi asiyetumia gurudumu hupima unene wa ukuta wa chungu kwa vidole vya ndani na vya nje vinavyokwenda pamoja. Wahunzi ndio mfano mzuri kuliko yote. Washana, ukoo wa wahunzi wa Ugweno ambao chuma chao kilisifika hadi Uchagani, hawakuweza kugusa jembe lililo jekundu kwa moto. Nyundo na koleo ziliwaletea mkononi mtetemo uliowaeleza chuma kimelainika kiasi gani na kimenyooka wapi. Asiyeona anayetembea kwa fimbo nyeupe hutumia njia hiyohiyo.

Kazi hii inahitaji habari za aina mbili kukutana. Ya kwanza hutoka kwenye ngozi. Kiganja na vidole vya mkono mmoja vina nyuzi za fahamu za mguso zipatazo 17,000, zilizosongamana zaidi kwenye ncha za vidole. Baadhi husikia kingo na nukta, baadhi utelezi, baadhi mtetemo, nyingine mvutano wa ngozi. Ndiyo maana ncha ya kidole hutenganisha nukta mbili zilizoachana milimita mbili hadi nne, wakati mgongoni nukta hizo zinaweza kuachana sentimita kadhaa na bado zikahisika kama moja. Habari ya pili hutoka kwenye misuli na viungo, ambavyo huuarifu ubongo kidole kimekunjwa kiasi gani na kinaelekea wapi. Ngozi pekee inajua kwamba kuna pembe. Misuli na viungo ndivyo vinavyojua pembe hizo zimepangwaje. Habari zote mbili hupanda kwa uti wa mgongo hadi ubongo wa upande wa pili, ambako huunganishwa kuwa ufunguo, kitufe au sarafu.

Mazoezi huongeza uwezo huu. Wanafunzi wasioona, kama wale wa Irente kule Lushoto, husoma maandishi ya nukta nundu yenye nukta zilizoachana takriban milimita mbili na nusu, tena kwa kutelezesha kidole, kwa sababu kidole kilichotulia juu ya nukta hupoteza haraka habari zake.

Kwa mwenye kisukari, hitilafu inaweza kuwa mahali zaidi ya pamoja. Sukari ya juu ya muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, ingawa kwa kawaida ganzi huanzia miguuni na mikono hufuata. Ganzi ikiwa kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku, huenda mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono. Tatizo hilo huwapata sana wenye kisukari, na vidole hivyo ndivyo vinavyozungusha sarafu. Wengine ngozi yao ni nzima ila viungo vya vidole vimekakamaa. Dalili yake ni kushindwa kukutanisha viganja kama anayesali bila kubaki uwazi kati ya vidole. Mkono wa namna hiyo unahisi vizuri, lakini hauwezi kuzunguka kitu, hivyo umbo linaupotea. Hili husahaulika mno kwa kuwa watu huulizana kuhusu ganzi tu.

Kisukari si sababu pekee. Dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi inaweza kuleta ganzi, ambayo huzuiwa kwa vitamini B6. Dawa isiachwe bila ushauri wa mtoa huduma. Baka lisilo na hisia, pamoja na ganzi ya kidole cha mwisho na cha pete, lipimwe ukoma, ambao matibabu yake ni bure.

Kipimo cha nyumbani ni rahisi. Mgonjwa afumbe macho, apewe ufunguo, kitufe na sarafu kimoja kimoja, mkono mmoja kisha mwingine, akiachwa avipapase. Halafu mtu mwingine akunje na kukunjua kidole cha mgonjwa taratibu, naye mgonjwa aseme kinaelekea juu au chini. Anayekosea apelekwe Hospitali ya Usangi au kituo kingine cha karibu, apimwe sukari, mishipa ya fahamu na viungo vya vidole. Lakini mkono mmoja ukipoteza ghafla uwezo wa kutambua vitu, hata kama bado unahisi mguso, hicho kinaweza kuwa kiharusi: mgonjwa afikishwe hospitali mara moja, bila kungoja kesho.