REDIO YA GARI: KWA NINI HAISHIKI, NA DAWA YAKE

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Mwaka huu sikuleta shairi wala insha ya methali. Nimeleta somo la redio ya gari. Najua wapo watakaouliza, "Sasa hii nayo ni Kiswahili?" Naam! Lugha isiyoweza kumweleza mtu shida iliyo kwenye dashibodi ya gari lake itabaki kuwa ya jukwaani tu. Isitoshe, jambo lenyewe linagusa mfuko. Karibu kila mmoja wetu ana baba, shangazi au jirani mwenye gari la mtumba kutoka Japani, na wengi wao wameuziwa redio ambazo hawakuzihitaji.

Mimi nilianza kulifuatilia jambo hili kwa sababu ya mjomba wangu. Yeye hubeba mboga kutoka Kinangop hadi Nairobi, na huondoka saa tisa za usiku. Wakati wa mafuriko ya mwaka wa 2024 barabara zilikatika huku na huko, na habari za njia zilitangazwa redioni. Redio ya mjomba ilikuwa ikilia "shhhh" kama sufuria ya chapati. Mjomba akawa tayari kutoa pesa alizoweka za karo ya binti yake anunue redio mpya. Nikamwambia, "Mjomba, ngoja kwanza. Tujue ugonjwa ndipo tununue dawa." Haya ndiyo tuliyoyajua.

1. MASAFA NI NINI?

Kituo cha redio hurusha mawimbi hewani. Mawimbi hayo hutikisika mara nyingi sana kwa sekunde moja, na idadi ya mitikisiko hiyo ndiyo tunayoiita masafa. Megahezi moja ni mitikisiko milioni moja kwa sekunde. Kwa hivyo mtangazaji wa Capital FM akisema "98.4" pale Nairobi, maana yake ni kwamba mawimbi yao hutikisika mara milioni 98.4 kila sekunde. Redio yako sharti iweze kufika kwenye nambari hiyo, ama sivyo hutasikia kitu, hata ukiwa umeegesha gari chini ya mnara wenyewe.

Hapa Kenya, vituo vya FM hupewa masafa kati ya megahezi 87.5 na 108. Uingereza ni hivyo hivyo, na nchi nyingi za dunia pia.

2. JAPANI WALIPITA NJIA YAO

Sasa hapo ndipo shida ilipo. Japani walianza FM yao kati ya 76 na 90. Sehemu ya juu ya hapo waliitumia kwa televisheni za zamani. Baada ya kuzima televisheni hizo mwaka wa 2011, na katika majimbo matatu yaliyopigwa na tetemeko mwaka wa 2012, walisogeza mpaka wa FM hadi 95. Lakini magari mengi yanayoshushwa bandarini Mombasa yana redio ambazo bado hukomea 90.

Piga hesabu kidogo. Masafa yetu huanza 87.5. Redio ya Japani huishia 90. Sehemu ambapo hizi mbili hukutana ni 2.5 tu, ilhali upana wote wa FM yetu ni 20.5. Ndiyo maana gari la aina hiyo hushika vituo vichache kisha linyamaze. Redio haijaharibika hata kidogo! Ni nzima, ila imezaliwa kwa nambari nyingine. Ukiona kioo chake kinaanza 76 na kurudi tena 76 baada ya 90, umeshaujua ugonjwa.

3. EKSPANDA: HUSAIDIA, LAKINI ISIPEWE SIFA ZISIZO ZAKE

Mafundi wa jua kali huuza kijisanduku wanachokiita ekspanda. Bei yake ni ndogo kuliko ya redio. Hukaa kati ya eriali na redio, na kazi yake ni kutoa tu: huchukua masafa yanayoingia na kuyapunguza kwa kiasi kisichobadilika. Kiasi hicho huandikwa kwenye kijisanduku, kwa mfano 16 au 18. Tazama mfano huu:

Ekspanda ya 16: kituo cha 98.4 utakipata kwenye 82.4. Hapo sawa. Lakini kituo cha 106.7, kama Radio Citizen pale Nairobi, kitaangukia 90.7. Redio inakomea 90, kwa hivyo kituo hicho kimekupita.

Ekspanda ya 18: kituo cha 106.7 kitakaa kwenye 88.7, na cha 98.4 kwenye 80.4. Vizuri. Lakini kituo cha 92.9 kitashuka hadi 74.9, chini ya 76. Hicho nacho kimepotea.

Je, yupo fundi anayeweza kutengeneza ekspanda ya kushika vyote? Hayupo, na sababu ni ya hesabu. Upana wetu ni 20.5, wa redio ile ni 14. Huwezi kumimina debe la maji katika kopo ukatarajia lisimwagike. Basi kabla ya kununua, andika kwenye karatasi vituo ambavyo nyumbani kwenu husikilizwa, utoe 16, utoe 18, uone ni kijisanduku kipi kitakachokubakishia vile unavyovihitaji.

Jambo jingine: ekspanda huongeza mkwaruzo kidogo, na pengine kituo cha kweli kilicho kwenye 88 au 89 hupenya na kugombana na kile kilichoshushwa hapo. Anayesafiri mbali ni afadhali atafute redio ya kawaida ya 87.5 hadi 108, hata iliyotumika, mradi imejaribiwa mbele ya macho yake.

4. KUFUNGA REDIO NYINGINE: NYAYA NA RANGI ZAKE

Mjomba aliamua kununua redio iliyotumika. Kabla ya mtu yeyote kugusa nyaya, toa kwanza waya wa hasi kwenye betri. Cheche moja inaweza kuunguza fyuzi, au zaidi ya hapo. Kisha pima kwa mita, usikisie. Magari madogo hutumia volti 12. Malori na mabasi makubwa mengi hutumia 24. Redio ya 12 ikifungwa kwenye 24 moja kwa moja itaungua kabla hujamaliza kusema "bismillahi".

Redio nyingi za dukani hufuata rangi hizi:

Manjano: umeme wa wakati wote. Huu ndio unaotunza kumbukumbu ya vituo na saa.
Nyekundu: umeme unaokuja ufunguo ukigeuzwa.
Nyeusi: hasi, hufungwa kwenye bodi ya gari, penye chuma kisicho na rangi wala kutu.
Buluu: umeme wa eriali.

Rangi hizi ni za nyaya za redio. Nyaya za gari lenyewe zaweza kuwa na rangi nyingine kabisa, ndiyo maana nasisitiza mita. Ukibadilisha manjano na nyekundu, redio italia lakini itasahau vituo kila gari linapozimwa. Nyaya za spika nazo usiziunganishe na bodi ya gari.

Sasa sikilizeni kisa cha ule waya wa buluu. Redio ya mjomba ilifungwa na fundi mmoja mjini, ikawaka vizuri, sauti ya kanda safi, lakini FM ikawa "shhhh" vilevile. Fundi akasema, "Mzee, hii redio uliuziwa mbovu. Nikuletee nyingine?" Mjomba akanitazama. Nikamuuliza fundi kwa adabu, "Fundi, na huu waya wa buluu unaoning'inia?" Akajibu eti huo ni wa eriali ya kupanda na kushuka, na gari hili halina.

Ni kweli gari halikuwa na eriali ya fimbo. Eriali yake ilikuwa nyuzi nyembamba zilizochorwa kwenye kioo cha nyuma. Mwalimu wetu wa Fizikia alikuwa ametufunza kwamba nyuzi kama hizo hukusanya mawimbi hafifu, kwa hivyo watengenezaji huweka kikuza-mawimbi kidogo karibu na kioo. Kikuza-mawimbi hicho sharti kipate umeme. Redio ya zamani ilikuwa ikikipa. Redio mpya hukipa kupitia ule waya wa buluu. Fundi akauunganisha. Redio ikafunguka kama mtu aliyeondolewa kitambaa mdomoni! Mjomba akacheka, akasema, "Mpwa wangu, leo umenirudishia karo ya dada yako."

5. ERIALI NA UREFU WAKE

Mawimbi ya redio huenda kwa kasi ya mita milioni 300 kwa sekunde. Ukigawanya kasi kwa masafa unapata urefu wa wimbi moja. Kwa megahezi 100: 300 gawanya kwa 100 ni mita 3. Eriali ya fimbo hufanya kazi vizuri ikiwa robo ya wimbi, yaani sentimita 75. Ndiyo maana fimbo nyingi za FM hukaribia urefu huo. Fimbo ikivunjika na kubaki kijiti cha sentimita kumi, usiilaumu redio. (Zile fupi za kisasa zimezungushiwa waya ndani, ama zina kikuza-mawimbi chake.)

Robo ile moja haifanyi kazi peke yake. Bodi ya gari ndiyo nusu ya pili ya eriali. Kwa hivyo chini ya fimbo pasiwe na kutu, na skrubu ikazwe. Kagua pia waya mnene unaotoka kwenye eriali: ukibanwa na mlango au ukiingia maji, mawimbi hufia njiani. Na ukisikia mlio unaopanda kila unapokanyaga mafuta, huo ni umeme wa jenereta ya gari unaoingia redioni. Kagua ule waya mweusi kwanza.

6. MILIMA NAYO INA NENO

Mawimbi ya FM husafiri karibu kama mwanga: kilima kikiingia kati, kivuli hutokea. Dereva anayeteremka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu hujua kituo cha Nairobi kitaanza kukatika, hata redio ikiwa ya dhahabu. Vituo vikubwa huweka mitambo mingine sehemu za mbele, kwa nambari tofauti. Kwa hivyo mjomba sasa ana kadi ndogo kwenye kivuli cha jua: nambari za Nairobi upande mmoja, za Naivasha na Nakuru upande wa pili.

7. NA HII REDIO YA DIJITALI?

Televisheni zetu zilihamia dijitali mwaka wa 2015. Redio ya dijitali iitwayo DAB imeenea zaidi Ulaya. BBC walianza kuirusha mwaka wa 1995. Norwe walizima FM ya vituo vya kitaifa mwaka wa 2017, kwa kuwa milima yao mingi ilifanya FM kuwa ghali. Vituo vidogo vya mitaani viliendelea. Wenye magari ya zamani walilazimika kuongeza kijisanduku na eriali ya kubandikwa kwenye kioo cha mbele.

DAB hutumia masafa ya 174 hadi 240, kwa hivyo robo ya wimbi lake ni kati ya sentimita 31 na 43. Tabia yake ni tofauti: FM ikichoka hukwaruza polepole, lakini DAB huwa safi kabisa, kisha hububujika kama maji na kukatika ghafla. Gari kutoka Uingereza likija na DAB, usikate tamaa: redio hizo huwa na FM pia, na FM yao ni 87.5 hadi 108 kama yetu. Bonyeza kitufe cha FM uendelee na safari.

TAMATI

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kabla hujamruhusu mtu akuuzie redio nyingine, inama uulize maswali manne: Redio hii inaishia nambari gani? Eriali iko wapi na ni nzima? Waya wa buluu umeunganishwa? Niko bondeni au mlimani? Mara nyingi jibu halitagharimu zaidi ya kipande cha waya.

MSAMIATI
Kikuza-mawimbi: kifaa kinachoyapa nguvu mawimbi hafifu.
Ekspanda: kijisanduku cha kushusha masafa.
Masafa: idadi ya mitikisiko ya wimbi kwa sekunde.

MASWALI YA KUJIPIMA
1. Kituo cha 100.3 kitaonekana wapi kwa ekspanda ya 16?
2. Kwa nini ekspanda moja haiwezi kushika vituo vyetu vyote katika redio ya 76 hadi 90?
3. Robo ya wimbi la megahezi 93.75 ni sentimita ngapi?

Majibu: (1) 84.3. (2) Upana wa 20.5 hautoshei katika 14. (3) Sentimita 80.